Pampu Iliyokaa Pabaya

Juzi nilikuwa ndani ya tangi la kuchujia maji, suruali nimeikunja mpaka magotini, vijana wangu wakitoa mchanga wa zamani kwa koleo na kuwapa wenzao nje wauoshe. Mchanga uliokaa ndani ya filta miaka mingi una harufu yake peke yake. Si ya uozo, si ya udongo wa shamba. Ni kama chuma kilicholala kivulini, na mvua inayonyesha mbali. Nilichota konzi moja nikaisogeza puani, kama ninavyofanya siku zote kujua mchanga umechoka kiasi gani. Nikakaa humo humo majini. Vijana wakadhani mzee amepandwa na presha. Nikawaambia waendelee na kazi, na sikumkaripia mtu siku ile, jambo lililowatisha kuliko kuniona nimekaa.

Tulikuwa tumemzika baba mwezi huo, kule Ngaremara.

Wengine mnanijua. Kwa wasionijua: shule niliiachia darasa la tatu, na leo nyumba za kupangisha Bulla Pesa ninazo, lori ninalo, na ukitoka Isiolo kuelekea kaskazini, mahali pengi utakapofungua bomba ukapata maji yasiyo na matope, uliza nani aliweka ile mashine. Utaambiwa jina langu. Hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema, nimesema hata kwenye harusi za watu, kipaza sauti mkononi, na watu wakapiga makofi.

Kazi yangu haina siri kubwa. Ni mahali tu. Pampu nzuri ukiiweka pabaya imekuwa chuma cha kukalia kuku. Mashine inajua kusukuma, kuvuta haijui sana. Kwa hiyo iweke chini, karibu na maji, karibu kabisa, halafu iache isukume juu mpaka kwenye filta. Ukiipandisha mwambani itahangaika kuvuta, itameza hewa, na bomba lake halitalala na maji usiku. Kila asubuhi utalikuta tupu, uanze kulijaza upya kabla injini haijawashwa. Na usije ukaiweka nyuma ya filta eti ivute maji yakiwa safi tayari. Mchanga ukiziba kidogo tu, unaizika.

Haya yote niliyajua mapema kwa sababu ya pampu moja iliyokaa pabaya. Aliyeiweka ni baba yangu, na nilimcheka kwa ajili yake mpaka uzeeni mwake.

Sisi ni Waturkana wa mjini. Babu alikuja Isiolo kutafuta kazi, nasi tukazaliwa kwenye chumba cha kupanga, Bulla Pesa, mlango wa mabati unaochoma mkono saa sita mchana. Baba alikuwa fundi wa mashine za maji. Maziwa tuliletewa na mama mmoja Mborana, jina lake Tume, ila sisi tulimwita Mama Galgalo. Alikuja asubuhi na chombo chake cha kusuka kilichofukizwa moshi, na maziwa yake yalikuwa na ladha ya moshi huo. Mgongoni mtoto mchanga wa kike, nyuma yake Galgalo, rika langu.

Galgalo alikuwa na ng'ombe wa mawe. Mawe meupe ya mtoni, kila moja na jina lake, na akiyapanga mchangani madume hutangulia. Mimi nilikuwa na mawe ya kijivu ya barabarani. Siku ya mwisho kuja kwetu alinipa ng'ombe zake zote zimefungwa kwa kipande cha shuka.

"Nichungie mpaka nirudi," akasema. "Lakini usichanganye na zako. Zako ni mbuzi."

Kisha vita vikaingia. Watu wazima waliviita vita vya shifta, nami nikadhani Shifta ni mtu mmoja, mrefu sana, mwenye miguu ya kumwezesha kuwa Garba Tula na Kipsing asubuhi moja. Nilipomwuliza mama kama Shifta ana watoto, alinifinya mdomo kwa vidole. Amri ilitoka kwamba Waborana na Wasomali wakusanywe mahali pamoja ndani ya seng'enge, wasije wakawalisha wapiganaji wa porini, ndio hao shifta. Atakayekutwa nje ya seng'enge alihesabiwa shifta, awe na bunduki awe na kibuyu. Mifugo iliyobaki nje ikapigwa risasi. Nyumba za jirani zikawa tupu, na maziwa yakaisha.

"Mama Galgalo yuko ndani ya seng'enge?" nilimwuliza mama.

"Wameenda kwa ndugu zao, upande wa Kipsing. Kula ugali wako."

Kumbe alijua tu kwamba bwana wa Tume alikuwa ameondoka na ng'ombe na hakurudi, na kwamba mwanamke anayeingia kambini bila bwana huulizwa yuko wapi, na huulizwa kwa kiboko.

Baba akapewa kazi ya kupeleka maji kwenye kambi hiyo. Tukahamia naye, kibanda cha mabati kando ya lango, ndani. Kambi ilikuwa mlimani kidogo, mto uko chini, na kati yake miiba na mawe. Huko juu walijenga tangi la filta: chini mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake mchanga. Maji yaliingia yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yakatoka kwa chini meupe. Ile harufu nilianza kuijua hapo. Nilisimama kando ya tangi nikiamini mchanga unakunywa uchafu na utashiba siku moja, utapike.

Filta ilikuwa ndani, pampu lazima iwe nje, mtoni. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa iwekwe wapi mtoni. Kulikuwa na mahali tambarare, ukingo mfupi, udongo laini, na mbele yake dimbwi lisilokauka. Hata kipofu angeiweka pale. Pampu ingekaa karibu kabisa na maji, ingewaka bila kubembelezwa. Afisa mwenyewe aliyepewa kusimamia kambi alionyesha pale kwa fimbo yake. Baba akakataa.

"Mto ukifura itabeba mashine, afande," alisema. "Tuweke kwa mwamba."

Akaiweka kwa mwamba, juu, mbali na maji, na bomba la kuvutia likawa refu kama nyoka. Ikawa mashine mgonjwa tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi bomba tupu. Kila asubuhi baba alijaza debe la maji safi kwenye bomba la filta, akalibeba begani, akatoka langoni akashuka nalo mtoni.

Fikiria mtoto anavyoona jambo hilo. Watu wamepanga foleni, akina mama wanagombania kila kijiko cha maji, na baba yangu anabeba maji kupeleka mtoni.

"Baba, mto hauna maji?"

Aliweka debe chini. Hakukasirika. "Wewe umeona ng'ombe akikamuliwa?"

"Nimeona."

"Ng'ombe mkali hatoi maziwa mpaka ndama anyonye kwanza. Ukimwachia ndama kidogo, maziwa inashuka. Hii mashine ni hivyo. Nisipoipa yake, haitoi ya watu."

Nilimwamini, na zaidi ya alivyosema. Nilijua sasa kwamba kule chini kuna mnyama. Usiku nilimsikia akikoroma ingawa injini ilikuwa imezimwa. Nilimwonea wivu, kwa sababu alikunywa kabla yetu na kushinda sisi. Asubuhi moja baba akifunga viatu niliinama nikapiga mafundo kutoka kwenye debe, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupiga, alinipiga kofi nikaangukia mabati. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mama aligeuka akatazama ukutani. Nikajua yule mnyama ni wa kuogopwa, kama hata baba anamhofia hivyo.

Siku hizo mto ulinuka. Huko juu ng'ombe waliopigwa risasi walikuwa wamelala majini na kingoni, wamevimba, na maji yalishuka na uozo wote huo kuja kwetu. Ndani ya seng'enge kulikuwa na filta. Nje hakukuwa na kitu. Ninyi mliokulia huku mnajua mtu wa porini hanywi maji ya namna hiyo, huchimba mchangani kando ya mto akangoja kishimo kijae maji safi. Lakini askari walikijua kishimo pia. Asubuhi walitembea ukingoni wakitafuta mchanga mbichi. Wakikuta kishimo walifuata nyayo, na baadaye tulisikia milio.

Katika siku hizo hizo kitambaa changu cha ng'ombe wa mawe kilipotea. Nilikuwa nakilalia, nikaamka hakipo. Nilimpiga mtoto wa jirani mpaka akatoka damu puani, akaapa hajaziona, nikampiga tena.

Kisha ikafika asubuhi ya sajenti. Alikuwa mgeni kambini, mtu aliyetoka bara, mnene, sauti ya taratibu. Nilikuwa nimemsindikiza baba mpaka langoni, sikuruhusiwa kupita hapo. Sajenti akanyoosha mkono, baba akasimama na debe begani.

"Hiyo ni nini?"

"Maji, afande."

"Inaenda wapi?"

"Mtoni."

Askari wawili langoni wakacheka. Sajenti hakucheka. "Mto imeishiwa?"

"Ni ya mashine, afande. Bomba inalala tupu. Lazima nijaze ndio ivute."

"Na huko mtoni si kuna maji ya kujaza?"

"Iko na mchanga, afande. Inakula mashine."

Sajenti alichovya kidole ndani ya debe akakilamba. Akamzunguka baba mara moja, akitazama viatu vyake. Kisha akachuchumaa mbele yangu, bunduki imelala magotini, na akaongea kama mjomba.

"Kijana, wewe ni mtoto mzuri. Niambie, baba yako anapelekea nani maji?"

Nilimtazama baba. Uso wake haukuwa na kitu. Jasho lilikuwa likishuka kando ya sikio lake, na jua lilikuwa halijapata nguvu.

"Mashine," nikasema.

"Mashine inakunywa?"

"Isipopewa kwanza haitoi. Ni kama ng'ombe na ndama." Na kwa sababu alikuwa bado ananitazama, nikaongeza, "Usiku inakoroma. Mimi naiogopa."

Hapo askari walicheka mpaka mmoja akajishika kwenye nguzo. "Sajenti, wacha hii Turkana na ng'ombe yake ya chuma." Sajenti alisimama akajipangusa magoti.

"Twende nione inakunywa," akasema.

Wakashuka, baba mbele, sajenti na bunduki nyuma. Mama alikuwa ametoka nje, mwiko mkononi, uji unaungua ndani, na hakuusikia. Tulisimama tukiangalia miiba. Nilimwambia mama asiogope, mashine ikishiba haiumi mtu. Alinivuta akanibana kiunoni, akanibana mpaka ikauma. Baada ya muda ambao sitausema maana sikuujua, injini ikapiga, ikakohoa, ikashika. Mama akakaa chini pale pale mavumbini.

Baba alirudi na debe limegeuzwa juu chini, halidondoshi hata tone. Sajenti alimpigapiga bega. "Fundi, ng'ombe yako ni mlafi kweli." Baba akacheka pamoja nao. Alipoingia ndani alitapika.

Vita vikaisha kama vilivyoanza, bila mtu kutueleza. Tukarudi Bulla Pesa. Mimi shule haikunikaa, nikashika spana, na mengine nimeshayasema. Lakini jambo moja nililichukua kutoka pale langoni: pampu huanzishwa kwa maji safi. Kwa miaka yote nimebeba maji safi kwenda mtoni. Kijana mmoja mpya aliniuliza mwaka wake wa kwanza wa kazi, "Mzee, si tuchote tu hapa? Maji si haya?" Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia baba yangu alifanya hivyo mbele ya bunduki. Kusema kweli ndoo ya maji ya mto haiwezi kuidhuru pampu, kwa maana dakika inayofuata itameza mto mzima. Nililijua hilo kwa akili ya kazi, na bado nikabeba maji yangu.

Na baba nilimcheka. Kila tulipokaa pamoja, nikishamaliza kumhesabia nilikofunga mashine, nilirudi pale pale. "Lakini mzee, ile pampu yako ya mwambani. Kila nikipita naiona misingi yake. Uliiweka pabaya kabisa. Mimi ningeiweka pale chini tambarare, na usingebeba debe hata siku moja." Nilimchorea kwa kidole mezani. Mwaka jana tu nilimchorea tena, mbele ya wajukuu, wakacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimekula.

Siku ya tatu ya matanga, Ngaremara, lilikuja gari likashusha mama mmoja mzee wa Kiborana, mtandio mpaka machoni, ameshikwa mkono na mwanamke wa makamo. Wakasalimia kwa salaam aleikum kati ya nyimbo zetu za kanisani, na watu wakawapisha. Mzee yule alinitazama kwa muda.

"Wewe ndio Ekiru?"

"Ndio mimi, mama."

"Wewe ndio ulisema mashine ni ng'ombe."

Maneno yale nilikuwa sijamhadithia mtu mwingine yeyote, maana yalinitia aibu.

"Baba yako aliniambia," akasema. "Alicheka, halafu akalia. Mimi Tume. Nilileta maziwa kwenu."

Tulikaa kando, kwenye viti vya plastiki. Aliongea polepole, akitafuta Kiswahili chake. Hawakuwa wamekwenda Kipsing. Walikuwa kwenye kichaka cha miiba juu kidogo ya mwamba, yeye na watoto wake wawili, na mashine ikinguruma chini yao.

"Kuchimba mchanga hatuwezi, askari anaona. Galgalo alisikia kiu, akaenda mtoni akakunywa ile maji ya mizoga. Tumbo ikamshika. Hakukaa." Alizungusha kidole kwenye tasbihi. "Nilikuwa na kijiti na mikono tu. Nilitafuta udongo laini. Asubuhi baba yako akaja peke yake na kamba ya kupimia, anatafuta mahali ya mashine. Akanikuta. Hakuuliza kitu. Alikunja kamba, akaokota mawe, akanisaidia kuweka juu. Akaniambia, huyu mdogo asiguse maji ya mto. Nitaleta ya filta."

"Ya debe," nikasema.

"Nusu anaweka kwa mashine. Nusu anaacha nyuma ya mwamba. Siku moja haikuja. Tulisikia mashine imewaka na sauti za watu, nikamziba huyu mdomo mpaka jioni." Aligeuza kichwa kumwelekea mwanamke aliyemshika mkono. "Huyu ndio mdogo."

Yule mwanamke alinipa mkono. Ulikuwa mkono mkubwa, mkavu, wa mtu anayefanya kazi.

"Siku nyingine alileta mawe meupe," Tume akaendelea. "Ndani ya shuka. Alisema ni ya mtoto, lazima yarudi kwa mwenyewe. Tukayapanga."

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine. Nilimwuliza, ingawa nadhani mikono yangu ilikuwa imeshajua, walimzika wapi Galgalo.

"Pale chini," akasema. "Tambarare. Pale yule mkubwa wa kambi alitaka mashine ikae."

Nimeshuka huko wiki iliyopita. Misingi iko mwambani, na bolti zake zimeliwa na kutu. Pale chini pako vile vile, ukingo mfupi, dimbwi mbele. Kwa macho ya kazi nimepima alama za maji kwenye mawe na mizizi: miaka yote hii, na mvua zote hizi, mto haujawahi kufika pale. Hakuna mashine ambayo ingebebwa. Mawe meupe nilitafuta, sikuyaona, mchanga umeyachukua au mimi sikuona vizuri. Niliokota mengine. Yangu ni ya kijivu, mbuzi tu, niliyapanga pembeni, nisiyachanganye na yake.

Vijana wangu wakiniuliza pampu iwekwe wapi, bado nawaambia chini, karibu na maji. Halafu nawaambia, kabla ya kupima, waulize watu wa pale kama kuna mtu amelala hapo.